Vikapu vya Kinyangiri

Tangu siku Zefania Msengi alipoingizwa kwenye kamati ya mipango ya kijiji, aliacha kubeba vitu. Jembe likawa la mkewe, ndoo ikawa ya mkewe, na hata kigoda cha uani alisimama kando yake mpaka asogezewe. Mikono yake ilibaki na kazi mbili: kunyoosha kola ya kaunda suti yake ya kijivu, na kuinuka juu mkutanoni watu wanapotakiwa kuunga mkono hoja. Dorika, mkewe, alikuwa akimtazama na kujiuliza kama yule mwanamume aliyemuoa kule mlimani, aliyeweza kuchimba shimo kutwa nzima bila kusema neno, alisahauliwa kwenye lori la Operesheni Vijiji.

Maana waliletwa kwa lori. Kaya zote za mlimani zilishushwa kando ya barabara, kati ya Misigiri na Shelui, zikapangwa kwa mistari na kuambiwa kuwa pale sasa ni kijiji. Tembe zilijengwa haraka haraka, udongo wa mapaa haukupata muda wa kushikana, na mvua ya kwanza ikaingia ndani bila kubisha hodi. Mwaka ule mtama ulikataa. Watu walikula yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, wakasikiliza hotuba. Zefania alizipenda hotuba kuliko chakula. Alizisikiliza kwenye redio ya ofisi, akarudi nazo nyumbani, akamhubiria mkewe jikoni wakati mkewe anapuliza moto wa kuni mbichi na machozi yanamtoka.

Dorika hakuwa na nafasi ya hotuba. Alikuwa amegundua magunia.

Yalikuwa magunia ya nailoni ya mbolea, yaliyotupwa nyuma ya ghala baada ya mbolea yenyewe kumwagwa kwenye shamba la kijiji. Mengine yalikuwa yamechanika, mengine yamelaliwa na mbwa. Mama yake alimfundisha kusuka vikapu vya nyasi angali mtoto mdogo, lakini huku chini nyasi za kusukia zilikuwa zimemalizwa na ng'ombe. Basi akafua gunia moja, akatafuta mahali pa kuanzia, akavuta uzi. Ukatoka mrefu, laini, wenye nguvu kuliko nyasi yoyote. Nyuzi nyeupe zilikuwa tele, za buluu zilipatikana kwenye mistari ya pembeni, na nyekundu alifumua kwenye sweta kuukuu la mwanawe Nathanaeli, aliyekuwa shule ya bweni. Sindano yake ilikuwa njiti ya gurudumu la baiskeli iliyochongwa ncha. Kitako cha kikapu alikivisha mpira wa tyubu ili kisiliwe na ardhi, na tyubu hazikuwa adimu, maana malori yaliyoshindwa na mlima Sekenke yaliziacha kando ya njia zimepasuka, na matingo walifurahi kumpa.

Vilikuwa vikapu vizuri. Kuzunguka tumbo la kila kimoja alipitisha mstari wa buluu unaokwenda na kupinda na kurudi, kama mama yake alivyofanya kwenye vya nyasi. Mama yake aliuita njia ya ng'ombe wa kisimani. Abiria walioshuka Shelui kunyoosha miguu walivinunua wakiwa bado wanajipangusa vumbi la safari. Kutoka kwenye vikapu hivyo nyumba ikapata chumvi, mafuta ya taa, ada ndogondogo za Nathanaeli, na sukari, ambayo Zefania aliitia kwenye chai kwa kijiko kilichojaa. Ikapata pia sabuni. Hiyo kaunda suti aliyoipeleka kamatini ikiwa imenyooka ilifuliwa na magunia.

Zefania hakuliona hilo, au aliliona akalikataa. Aliona aibu tu. Kwamba mke wa mjumbe anainama nyuma ya ghala mchana kweupe akikusanya taka, anasimama kando ya barabara akiomba tyubu mbovu kwa matingo, ilimchoma. Wageni walipokuja aliwatangulia kwa mzaha ili wasimcheke wao kwanza. Aliwaambia kuwa Mama Nathanaeli ana ugonjwa wa kuokota, na kwamba asiposhtuliwa iko siku ataokota na mbwa waliolala juu ya magunia. Wageni wakacheka. Dorika akawamiminia chai, akawatilia sukari, akawatazama wanavyoinywa.

Kisha ikaja ile habari ya kupiga vita wanaojitajirisha majumbani. Kila kamati ilitakiwa ioneshe kuwa imefumbua macho. Katika kijiji kile kulikuwa na watu waliopika pombe ya mtama wakaiuza, kulikuwa na mmoja aliyelangua mbuzi mpaka Nzega, lakini hao walikuwa na ndugu kamatini, na mmoja alikuwa amemkopesha Zefania debe la mahindi. Zefania alikuwa anakitaka kiti cha ukatibu. Akafikiri sana, akaona kuwa mtu asiye na wa kumtetea yuko jikoni kwake.

Siku ya mkutano Dorika alikuwa ameketi chini na wanawake wenzake, miguu ameinyoosha, jua likimpiga utosini. Alimsikia mumewe akisema kuwa kiongozi wa kweli huanza kusafisha nyumba yake. Alimsikia akitaja kupe, akitaja mirija ya unyonyaji, akieleza jinsi mali ya umma, yaani magunia, inavyogeuzwa fedha ya mtu binafsi chini ya paa la mjumbe mwenyewe, naye hayuko tayari kufumba macho. Wanaume wakapiga makofi. Zefania akapokea makofi yale ameinamisha kichwa, kama mtu anayepokea maji ya kunawa. Jioni ile ile alikusanya vikapu vyote vilivyokuwa ndani, pamoja na mafungu ya nyuzi na magunia yaliyofuliwa, akavipeleka mwenyewe kwenye duka la ushirika. Dorika alisimama mlangoni akimsindikiza kwa macho. Tangu aingie kamatini, hiyo ilikuwa siku ya kwanza kumwona amebeba kitu.

Mwuzaji wa duka, Simeoni, alivipanga vikapu rafuni karibu na bidhaa nyingine pekee iliyokuwamo, rangi ya viatu, katika kijiji ambacho nusu ya watu walitembea pekupeku. Vikakaa hapo. Wanakijiji hawakuwa na haja navyo, na kuvipeleka kwa abiria Shelui kulihitaji mtu, na mtu huyo alihitaji kuteuliwa. Kamati ikaketi juu ya jambo hilo. Ikaunda kamati ndogo. Kamati ndogo ikaomba nauli. Panya wakazalia kwenye kile kikubwa zaidi.

Nyumbani, Dorika hakugomba. Zefania alikuwa amejiandaa kwa kelele, amepanga na majibu, lakini hakupata pa kuyatumia. Sukari ilipokwisha, alinywa chai kavu. Sabuni ilipokwisha, mkewe aliifua kaunda suti kwa maji matupu, akaianika, nayo ikakauka na alama za jasho kwapani. Chumvi ilipokwisha akauliza kulikoni mboga imepooza. Dorika akamjibu kwa upole kuwa chumvi inauzwa, na wanaouza wanataka kulipwa, na kupe wa nyumba hii amekwisha banduliwa.

Mambo yalikuja kugeuka karibu na Sabasaba. Wilayani Kiomboi kulikuwa na maonesho, na agizo likatoka kwamba kila kijiji cha barabarani kilete kazi za mikono zilizotengenezwa kwa pamoja. Mtu fulani wa wilayani alikuwa amepita Shelui zamani akanunua kikapu, akakikumbuka. Akataka vikapu vile, vingi. Katibu akasema suala la vikapu ni la ndugu Zefania, maana ndiye aliyelileta mkutanoni.

Zefania alirudi nyumbani mapema siku hiyo. Akakaa. Akakohoa. Akaanza kwa mbali, akieleza umuhimu wa akina mama katika ujenzi wa taifa, halafu akasema kuwa kijiji kinamwomba, si kumlazimisha, kinamwomba awasukie vikapu kiasi.

"Nani ananiomba?" Dorika aliuliza.

"Kijiji."

"Basi kijiji kije kisuke. Mimi ni mgonjwa wa kuokota, na mume wangu amenitibu."

Zefania akasema angeweza kumwamuru. Dorika akamwambia aamuru, na akaendelea kupembua mtama. Hakuamuru. Aliwakusanya wanawake wa kijiji kwenye jengo la darasa, akawapa magunia, akawapa hotuba. Martha, jirani yao, mwanamke mcheshi aliyekuwa akiuza karanga Shelui, alimsimulia Dorika yaliyotokea. Hakuna aliyejua pa kuanzia kuvuta. Wengine walikata gunia kwa kisu. Aliyefika mbali zaidi alitoa kitu kilichofanana na kiota cha ndege aliyekasirika, na Zefania akakisifu kwa kuwa ni cha umoja.

Katikati ya vurugu hiyo, Lea, mdogo wake Dorika aliyeolewa Kinyangiri, akajifungua, na Dorika akaomba ruhusa kwenda kumlea. Zefania akampa haraka, kwa sababu uso wa mkewe ulikuwa unamsumbua.

Kule Kinyangiri magunia yalikuwa yamejaa nyuma ya stoo ya pamba, na hakuna aliyeyalinda. Dorika alimwogesha mtoto asubuhi, akampikia mzazi uji, kisha akaketi kibarazani na njiti yake ya baiskeli. Mikono ilikuwa imeukosa uzi. Alisuka kama mtu anayekula baada ya mfungo, mtoto akiwa amelala kwenye nguo miguuni pake, Lea akiwa pembeni akimvutia nyuzi na kumwomba asimulie tena ile ya kiota cha ndege. Vikapu vilipokuwa vingi, mama mkwe wa Lea alivibeba kwenda navyo mnadani.

Bibi yule alirudi mikono mitupu na macho yamemtoka. Alisema amekutana na mtu wa duka la ushirika kutoka kijiji cha barabarani, anaitwa Simeoni, amevichukua vyote, hakupunguza bei, na amesisitiza asimwambie mtu vimekwenda wapi. Ameagiza na vingine.

Dorika aliweka chini kazi aliyokuwa nayo. Lea alidhani dada yake amekasirika. Lakini Dorika alicheka, kicheko kirefu kikavu, mpaka mtoto akaamka. Alielewa mara moja. Simeoni hakuwa na akili ya kubuni jambo la namna hiyo, wala hakuwa na fedha ya kulifanyia. Fedha ilikuwa ya kijiji, na akili, kama ingeweza kuitwa akili, ilikuwa ya mumewe.

"Dada, utaacha?" Lea aliuliza.

"Niache kwa nini? Mteja amesema hapunguzi bei."

Akasuka mpaka karibu na Sabasaba, akaaga, akarudi nyumbani. Siku ya maonesho akaenda Kiomboi na wanawake wengine nyuma ya lori la kijiji, akasimama kwenye umati mbele ya kibanda chao. Vikapu vyake vilikuwa vimepangwa juu ya meza yenye kitambaa. Zefania alikuwa nyuma ya meza, kaunda suti imefuliwa kwa sabuni ya kuazima. Mgeni rasmi kutoka mkoani alipofika, akachukua kikapu kimoja akakigeuzageuza, akauliza mstari huu wa buluu una maana gani.

Zefania hakusita. Alisema huo ni mwenge, miali yake inapanda milima na kushuka mabonde, na kwamba akina mama wa kijiji waliubuni wenyewe baada ya kuelimishwa na kamati. Mgeni akatikisa kichwa kwa kuridhika. Watu wakapiga makofi. Martha alimtazama Dorika kwa pembe ya jicho, akaziba mdomo kwa khanga.

Dorika hakucheka. Kitu kilikuwa kimemwingia kifuani ambacho hakukitegemea. Alikuwa amekuja kumdharau mumewe kwa uongo wake, na dharau hiyo alikuwa ameiandaa moyoni kama mtu anayekwenda karamuni. Lakini alipomwona ameshika kile kikapu mikononi, akikipapasa, akikionesha kwa watu, alitambua kuwa Zefania hakuwa anamficha mtu. Hakujua. Mwaka mzima vikapu vile vilining'inia juu ya kichwa chake akila, alivipisha kwa bega akiingia kulala, alivibeba mwenyewe kuvipeleka dukani, na hakuwahi kukitazama hata kimoja. Alikuwa ameshika kazi ya mkewe mbele ya wilaya nzima, na kwake ilikuwa kazi ya watu wa Kinyangiri.

Kijiji kilipewa cheti, na pamoja na cheti agizo la vikapu vingi zaidi kwa ajili ya duka la mkoani. Zefania alirudi amejaa upepo. Jioni, wakiwa uani, alimtolea mkewe kikapu kimoja alichobakiza, akakiweka mbele yake.

"Mama Nathanaeli, sitaki tugombane. Wewe chukua hiki, ukiangalie vizuri. Hawa wenzako wa Kinyangiri wanafanya kazi safi. Angalia kilivyokaza. Siyo kama vile vyako vya zamani. Ukijifunza kwa hiki, kamati itakufikiria."

Dorika alikitazama kikapu. Akamtazama mwenye kuongea.

"Hiki nilikisuka kwa Lea," alisema. "Na vile vyote vya mezani. Na vya zamani na hivi ni vimoja, Baba Nathanaeli. Na ule siyo mwenge. Ni njia ya ng'ombe."

Zefania alikataa kwanza. Akasema ni wivu. Dorika akaingia ndani, akatoka na njiti na fungu la nyuzi, akaanza kitako kingine pale pale, na Zefania akasimama akitazama vidole vya mkewe, pengine kwa mara ya kwanza. Alipoamini, alikaa chini. Dorika alimsubiri aone aibu. Alikuwa tayari hata kumsamehe kidogo, kama angeona aibu.

Lakini Zefania aliogopa. Alianza kunong'ona kuwa fedha ya kijiji imenunua bidhaa za nyumba ya mjumbe, kwamba wakijua watamwita mlanguzi, kwamba kiti cha ukatibu kitapotea, na huenda na kamati pia. Alimshika mkono. Akamwomba asimwambie mtu. Akasema atamletea magunia yeye mwenyewe, usiku, hakuna atakayeona, na watagawana.

Katika miaka yao yote Dorika hakuwahi kumdharau kama alivyomdharau wakati ule. Kutukanwa mkutanoni alikuwa amekuvumilia. Kutojua kazi ya mikono yake kulimuuma. Lakini huyu aliyemwita kupe mbele za watu, sasa anatafuta nafasi ya kunyonya naye gizani, na anaona amempa zawadi.

Asubuhi alivaa khanga safi akaenda kwa Mzee Mathayo, mwenyekiti, mtu mpole aliyechoka, ambaye tangu Operesheni alikuwa akitamani kurudi mlimani kwa ng'ombe wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akamweleza yote, na la kwake pia: kwamba alijua nani anayenunua, na hakuacha kuuza. Mzee Mathayo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka hadi akalazimika kujifuta macho kwa kona ya shuka. Halafu akasema, kwa huzuni ya kweli, kuwa itabidi aitishe mkutano.

Mkutano wenyewe haukuwa mrefu. Watu waliposikia habari ya mwenge, hakuna aliyeweza kuwanyamazisha. Zefania alijaribu kusema kuwa alipotoshwa na Simeoni, na Simeoni, aliyekuwa mtu mwenye haya, akasema kwa sauti ndogo kuwa yeye hutumwa tu. Zefania akaondolewa kamatini. Wapo waliotaka na Dorika atozwe faini, wakapiga kelele sana, hasa yule mlanguzi wa mbuzi. Lakini agizo la mkoa lilikuwa mezani na hakuna mwingine aliyejua kusuka, kwa hiyo kamati ikagundua ghafla kwamba kusuka nyumbani hakupingani na umoja, mradi sehemu iende dukani. Waliotamka hivyo walikuwa wale wale waliopiga makofi siku ile nyingine, na nyuso zao hazikubadilika hata kidogo. Vikapu vyake vya kwanza havikurudishwa. Katibu alikuwa amekigeuza kimoja kuwa cha kutupia karatasi, na vingine vilikwisha kwa panya.

Wanawake wakaanza kuja uani kwa Dorika kujifunza. Aliwafundisha, ila hakuwa mwalimu mwenye subira. Kazi mbovu aliifumua mbele ya mwenyewe bila kusema pole. Wengine walinuna, wengine walirudi.

Zefania alikaa ndani siku nyingi. Hakuwa na mkutano wa kwenda, na barabarani watoto walikuwa wamempa jina la Mwenge. Alasiri moja, wanawake wakiwa wameshaondoka, alitoka akiwa amevaa shati la shambani, akavuta gunia, akaketi mbali kidogo na mkewe, akaanza kuchokoa uzi. Ukakatika. Akachokoa mwingine, nao ukakatika.

"Unavuta kama unang'oa jino," Dorika alisema bila kuinua macho. "Anzia upande wa mshono. Mtu mzima unashindwa na gunia."

Alijisikia akisema, akaitambua sauti. Ilikuwa ile ile ya jikoni, ya mtu anayehubiri wakati mwingine anapuliza moto. Ilikuwa tamu kinywani, hakujidanganya, na aliiacha ikae tamu kwa muda. Zefania aligeuza gunia, akatafuta upande wa mshono, vidole vyake vinene vikipapasa kama vya mtu aliyeshikishwa yai, naye Dorika akajikuta anatazama pembeni ili asiendelee kuviona.

Fungu la kwanza alilovuta halikufaa kitu. Dorika alimpa Martha afungie kuku. La pili lilikuwa na afadhali kidogo, lakini hakumwambia.